Mbili Juu ya Tano

Nilikuwa na miaka ishirini na moja nilipopewa darasa la nne katika shule ya shamba moja la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Shule yenyewe ilikuwa vyumba vitatu vya udongo vilivyoezekwa mabati, na mvua ilipopiga tuliacha kufundisha tukakaa tukitazamana, maana hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Nilikuwa nimetoka magharibi, upande wa Kakamega, na cheti kipya cha ualimu, suruali mbili, na imani kubwa kwamba mtoto asiyeelewa hesabu ni mtoto asiyetaka kuelewa.

Darasa langu lilikuwa na watoto wa aina mbili. Wengine walikuwa wa vibarua wa kwetu, walioletwa kuchuma kahawa baada ya Wakikuyu wengi kuondolewa mashambani. Wengine walikuwa Wakikuyu kutoka kijiji kilichojengwa nje ya shamba wakati ule wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau. Watu walikuwa wamebomolewa nyumba zao huko juu vilimani, wakakusanywa pale, ukuta kwa ukuta, na kijiji kikazungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Mimi sikujua Kikuyu, na wao hawakujua Kiluhya. Tulikutana kwenye Kiswahili, changu kikiwa cha kitabuni na chao cha shambani.

Msichana ninayemkumbuka alitoka kijijini humo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na gauni lake lilishonwa kutokana na shati la mwanamume. Mfuko wa shati ulikuwa bado kifuani, na humo aliweka chaki aliyookota. Nilikuja kujua baadaye kwamba shati lilikuwa la baba yake, aliyekuwa kizuizini. Wakati huo niliona tu kwamba halikuwa sare ya shule, nikamwambia amwombe mama yake amshonee gauni la kawaida. Aliitikia, "Ndiyo, Mwarimu," na kesho yake akaja na lile lile.

Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wote. Tulipoanza sehemu, mwanzoni mwa muhula wa pili, zile zenye namba moja chini hazikumsumbua hata kidogo. Mbili juu ya saba ukijumlisha na tatu juu ya saba, namba ya chini inakaa pale pale, za juu zinaungana, ni tano juu ya saba. Darasa zima lilizimeza kama uji. Nikajisifu moyoni, nikadhani mimi ni mwalimu hodari.

Halafu tukafika kwenye sehemu zenye namba tofauti chini, na hapo mambo yakaharibika. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi: tafuta namba ambayo zote mbili zinaingia, badilisha za juu, kisha jumlisha. Niliandika utaratibu huo ubaoni, wakaukariri kwa sauti moja, na mikono yao ilipofika kwenye vibao vyao vya kuandikia, kila mmoja akafanya lake. Msimamizi wa shule alikuwa atutembelee juma lililofuata. Mwalimu mkuu alikuwa amenionya mara mbili kwamba darasa la nne ndilo litakaloangaliwa zaidi, kwa sababu mwisho wa mwaka lilikuwa na mtihani wa kuamua nani ataendelea na nani atarudi shambani. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu niliivalisha ukali.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano. Niliandika ubaoni: nusu, jumlisha thuluthi. Kabla sijaiweka chaki chini, yule msichana alikuwa ameinua mkono. Uso wake ulikuwa unang'aa. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Njoo uandike," nikamwambia.

Alikuja, akaandika haraka, chaki ikilia ubaoni: mbili juu ya tano. Akageuka kunitazama, akingoja.

"Umefanyaje?" nikauliza.

"Moja na moja ni mbili. Mbili na tatu ni tano."

"Nimewafundisha hivyo?"

"Hapana, Mwarimu. Lakini ni kweli. Hii naijua."

"Unaijua vipi? Nusu peke yake ni kubwa kuliko hiyo mbili juu ya tano. Umeongeza kitu, kimepungua?"

Alifikiri kidogo. Akaanza kueleza kwa Kiswahili, akakwama, akaingia Kikuyu, akihesabu kwa vidole, mkono mmoja halafu mwingine. Sikuelewa neno. Niliona tu kwamba watoto wa kijijini wote walikuwa wamenyamaza na kuinamisha vichwa, na watoto wa kwetu walikuwa wananitazama waone nitafanya nini. Kimya kile nilikichukua kuwa dharau.

"Nyamaza," nikasema. "Futa hiyo."

Hakufuta. Alisema tena, polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgumu wa kuelewa, "Mwarimu, ni kweli. Ni mbili kwa watano."

Nilichukua fimbo kwenye pembe. Nilimpiga viganjani, viboko vitatu mkono wa kulia, vitatu wa kushoto. Hakulia. Nilipomaliza nilifuta mwenyewe, nikaandika tano juu ya sita kwa tarakimu kubwa, nikaliambia darasa lisome kwa sauti. Wakasoma. Yeye alikaa na mikono yake katikati ya magoti, midomo ikienda pamoja na wenzake bila kutoa sauti.

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Msimamizi alifika Jumatatu, akaangalia, akaridhika, akaondoka, na kiti cha yule msichana kilikuwa bado kitupu. Mwalimu mkuu, mzee Mkikuyu aliyekuwa mpole kupita kiasi kwa kazi ile, aliniita jioni, akaniambia, "Nenda umwone yule mtoto. Ukienda wewe itakuwa vizuri kuliko nikienda mimi."

"Mimi ndiye niliyemchapa," nikasema.

"Ndiyo sababu."

Kesho yake baada ya masomo nilipanda baiskeli hadi kijijini. Langoni homgadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alitaka kipande changu cha utambulisho. Akakigeuza juu chini, akaona natoka magharibi, akaniruhusu kwa kichwa. Nilikuwa sijawahi kuingia humo. Nyumba zilikuwa za duara, zimebanana hivi kwamba moshi wa moja uliingia nyingine. Wanawake wengi hawakuwepo. Walikuwa wamepelekwa kuchimba barabara, kazi ya lazima. Mtoto mmoja alinionyesha mlango.

Ndani alikuwepo mwanamke mmoja, ameketi kwenye kigoda, amempakata mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi. Alikuwa na kitambaa mguuni kilichofunga kidonda, na ndiyo sababu hakuenda kuchimba. Msichana wangu alikuwa upande wa pili wa moto. Aliponiona alisimama wima kama darasani, akaweka mikono nyuma.

"Habari za hapa, mama," nikasalimu.

"Nzuri, Mwalimu. Karibu." Kiswahili chake kilikuwa safi. Alikuwa amefanya kazi nyumbani kwa mwenye duka mmoja Mhindi huko Thika, kabla ya shida kuanza. "Mimi si mama yake. Mama yake ni dada yangu, yuko barabarani. Mimi ni tata yake."

Tata ni dada wa mama au wa baba. Neno hilo nilikuwa nimelijua tayari. Nikauliza kama mtoto ni mgonjwa.

"Si mgonjwa. Mikono imevimba tu. Ilikuwa haiwezi kushika jembe, haiwezi kushika ndoo. Sasa ni afadhali."

Alimwambia msichana kitu kwa Kikuyu, naye akachukua kibuyu akatoka kuteka maji. Alipokwenda, mwanamke yule alinitazama kwa muda, bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Mwalimu, nataka kukuuliza, usikasirike. Mtoto anasema ulimpiga kwa sababu ya hesabu yetu."

"Hesabu yenu?"

"Hesabu ya hii nyumba." Akamsogeza mtoto aliyempakata, akainua mkono uliokuwa huru. "Dada yangu alizaa wawili. Mmoja yuko, huyo unayemfundisha. Mmoja hayuko. Hiyo si nusu?"

"Ni nusu."

"Mimi nilizaa watatu. Huyu yuko. Wawili hawako. Hiyo si ile nyingine, thuluthi? Yeye ndiye aliyetufundisha hilo neno." Alisema bila kutetereka, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Surua ilikuja mvua ile ya kwanza baada ya kuletwa hapa. Watoto walikuwa wamelala wengi pamoja. Waume zetu hawapo, kwa hivyo tuliwekwa nyumba moja, mimi na dada. Sasa watoto wa hii nyumba ni watano. Wawili wako."

Nje nilisikia kibuyu kikigongwa kwenye jiwe. Akaendelea.

"Usiku ule kabla ya siku uliyompiga alikuwa amefurahi sana. Alisema, kesho mwalimu ataleta nusu na thuluthi, zimo kitabuni, nimeona. Mimi nazijua hizo, ni sisi. Mama yake alimwambia asiende kutaja waliokufa mbele za watu. Akasema hatataja, ataandika namba tu."

Nakumbuka nilitazama yule mtoto mdogo aliyepakatwa, aliyekuwa akinyonya kidole na kunitazama kwa macho ya usingizi, na nikafahamu kwamba nilikuwa namtazama mmoja wa wale wawili. Msichana aliporudi, tata yake alinipa uji katika kikombe cha bati. Niliunywa wote, kwa kuwa kuuacha kungekuwa tusi jingine.

Nilikuwa na neno la kusema, na lilikuwa neno dogo. Lakini siku hizo mwalimu hakumwomba mtoto msamaha, na mimi nilikuwa kijana niliyeogopa kushuka hata kidogo kutoka mahali nilipowekwa. Nilisimama, nikamwambia msichana, "Jibu lako lilikuwa na maana yake. Swali langu lilikuwa jingine. Rudi shule kesho, nitalieleza vizuri."

"Ndiyo, Mwarimu," akasema.

Niliporudi nilitembea, nikiikokota baiskeli, na njiani nilikuwa nafikiri jinsi ya kueleza. Kabla ya hapo nilijua tu kwamba tano juu ya sita ndilo jibu. Sasa ilibidi nijue kwa nini. Mama mmoja alibaki na nusu ya watoto wawili, wa pili na thuluthi ya watoto watatu. Vitu vizima vyenyewe havikuwa sawa. Kitabu kilikuwa kinasema juu ya nusu na thuluthi ya kitu kimoja kile kile. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo chuoni, wala mimi sikuwa nimeuliza.

Asubuhi nilikwenda darasani na muwa. Niliuchagua wenye pingili sita zilizokaribiana urefu. "Huu ndio mzima wetu," nikawaambia. "Nusu yake ni pingili ngapi?" Wakasema tatu. "Thuluthi yake?" Mbili. Nikakata kwa kisu, nikaziweka pamoja mezani, tatu na mbili, na moja iliyobaki nikaitenga. Tano kati ya sita. Nikasikia darasa likivuta pumzi. Watoto waliokuwa wakikosea kwa majuma mawili walielewa kwa dakika tano, na mpaka leo sijui kwa nini sikuanza na muwa.

Msichana aliinua mkono. Hakuuinua juu kama zamani, uliishia begani.

"Na kama miwa ni miwili, Mwarimu? Mmoja mrefu na mmoja mfupi?"

"Basi huwezi kuijumlisha namna hii."

"Na watu?"

Watoto wa kijijini wakainamisha vichwa tena. Ningeweza kumjibu. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima, na jibu lilikuwa mdomoni. Lakini watoto walikuwa wananitazama wote, na nikaogopa yatakayofuata.

"Leo tuko kwenye miwa," nikasema.

Aliketi. Kuanzia siku hiyo alipata kila jibu sawasawa kama kitabu, na hakuuliza tena swali.

Mwezi wa saba baridi ya Ruiru ni mbaya. Ukungu unashuka juu ya kahawa na haupandi mpaka saa nne, na mbao za nyumba hutoa maji. Yule mtoto mdogo wa tata alishikwa na kichomi. Nilisikia kwa mwalimu mkuu kwamba walimpeleka zahanati ya shamba na walipofika walikuta foleni ya watu, na kwamba alikufa akiwa mgongoni mwa mama yake, ambaye hakujua mpaka zamu yao ilipofika. Mwalimu mkuu alinieleza haya huku akipanga madaftari, na madaftari hayo aliyapanga na kuyapangua mpaka alipomaliza kusema.

Msichana alirudi baada ya siku mbili. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Siku hiyo tulikuwa tunarudia kutoa, tukianzia zile rahisi zenye namba moja chini, ili wazito wa kuelewa wasiachwe nyuma. Nilifungua kitabu ukurasa wa siku ile, na hesabu ya kwanza kabisa ilikuwa: mbili juu ya tano, toa moja juu ya tano.

Nilikifunga. Nikakifungua tena ukurasa uliofuata, nikaanza kuandika hesabu za pale ubaoni. Nilikuwa nimeandika tatu wakati niliposikia sauti yake nyuma yangu.

"Mwarimu, umeruka ukurasa."

Niligeuka. Alikuwa amesimama, kitabu mkononi. Kilikuwa kitabu cha kushirikiana watoto watatu, na wenzake wawili walikuwa wanamvuta gauni aketi.

"Hiyo ni rahisi," nikasema. "Mnaijua."

"Ndiyo, tunaijua."

Alikuja mbele bila kuitwa, akatoa kipande cha chaki mfukoni mwa lile shati, akatafuta nafasi chini ya maandishi yangu, akaandika ile hesabu, na jibu lake: moja juu ya tano. Namba ya chini inakaa pale pale. Akasimama akitazama alichoandika. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Ni sawa?"

"Ni sawa," nikasema.

Akarudi kuketi. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya shule kwenye miti ya kahawa, na darasa lilikaa kimya peke yake bila mtu wa kulinyamazisha. Niliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka mahali pake.

Mtihani aliupita, akiwa wa kwanza katika shule yetu. Nilikwenda tena kijijini na mwalimu mkuu kumpelekea habari. Mama yake nilimwona siku hiyo kwa mara ya kwanza: mwanamke mrefu mwenye shingo kama ya bintiye, anayekohoa. Kazi ya barabara ilikuwa imemvunja. Alisikiliza, akacheka kidogo kwa furaha, akamshika mtoto bega. Halafu akasema kwamba darasa la tano liko mbali, kule Thika, na yeye hawezi tena kuchuma kahawa siku nzima, na dada yake tangu mazishi hali chakula wala hasemi na mtu. Mwalimu mkuu alibembeleza kwa Kikuyu kwa muda mrefu. Msichana alikuwa amesimama mlangoni akitazama nje. Januari nilimwona kwenye mistari ya kahawa, kikapu kiunoni, akiwa na wanawake wakubwa. Aliniinamia kichwa. Mnyapara alikuwa karibu, nami nikapita.

Mwaka uliofuata nilihamishwa kwenda shule moja ya Thika mjini, na ilipita kama miaka mitatu hivi. Siku moja ya Jumamosi nilikuwa sokoni, upande wa stesheni, nikasikia, "Mwarimu!" Alikuwa amekuwa msichana mkubwa, amefunga leso kichwani, na magunia mawili ya kabichi miguuni. Alikuwa anangoja lori la kwenda kwao juu vilimani. Kiswahili chake kilikuwa kimekomaa kuliko changu cha siku zile.

Tukasalimiana. Nikauliza habari za mama.

"Mama alitutoka mwaka jana."

"Pole sana. Na tata?"

"Yuko. Anaongea sasa. Baba naye amerudi." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Ananiita mgeni wake. Tunazoeana polepole."

Nilisema, kabla sijapata nafasi ya kuogopa, "Nilikukosea. Siku ile ya fimbo. Nilipaswa kukwambia siku nilipokuja kwenu, na sikukwambia."

Alitazama magunia yake. Watu walikuwa wanapita katikati yetu na mizigo.

"Ulikuwa mwalimu," akasema.

Sikujua kama alikuwa ananisamehe au ananieleza tu jinsi ilivyokuwa, na lori lilikuwa limefika, utingo akipiga kelele. Nilimsaidia kupandisha gunia moja, utingo akapandisha la pili. Alikaa juu ya kabichi zake na wanawake wengine, akashika leso isipeperuke, na alinipungia mkono mpaka lori lilipokata kona kuelekea daraja la Chania.

Sikumwona tena. Hali ya hatari ilipokwisha, watu wengi walirudi kwenye mashamba yao, na vile vijiji vikaachwa. Kabla sijarudi magharibi kufundisha kwetu nilipita pale siku moja kwa baiskeli. Handaki lilikuwa limefukiwa, na mahali pa nyumba palikuwa na mahindi ya magoti. Mwanamke mmoja alikuwa anapalilia. Nilimuuliza kama anawajua madada wawili waliokaa nyumba moja upande ule, na msichana wao. Alisimamisha jembe, akafikiri kwa kweli, akaniambia watu walikuwa wengi sana hapa, na yeye mwenyewe alihamia juzi tu.